Miti Tisa ya Mama Kiu

Waliponipa jina la Mama Kiu hawakuwa wananisifu. Lilianzia jikoni kwa wapishi, likapita wodini, na baada ya wiki moja hata wagonjwa waliolazwa juzi walikuwa wananiita hivyo. Kosa langu lilikuwa moja: mimi ni mtunza bustani wa hospitali iliyo katikati ya jangwa, na nilikuwa sitaki mtu yeyote aimwagilie miti yangu.

Miti yenyewe ni mizeituni tisa. Niliipanda uani, mbele ya kliniki ya mama na mtoto, mahali ambapo wanawake wenye watoto wachanga hukaa kusubiri zamu zao kuanzia asubuhi. Jua la huku halina adabu. Ikifika saa nne kivuli cha ukuta kimekwisha, na wale wanawake wanajifunika mitandio na kuwafunika watoto mitandio, wamekaa kwenye mabenchi ya chuma ambayo ukiyagusa kwa mkono mtupu unaruka. Kabla ya kuja hapa nilifanya kazi miaka kumi na minane kwenye kitalu cha miche. Siku ya kwanza nilipouona ule ua nikala kiapo kwamba siondoki mpaka benchi la mwisho liwe kivulini.

Mwenye ua, kwa madaraka, alikuwa katibu wa hospitali. Na yeye alikuwa na jina lake la mgongoni: Bwana Zege. Popote penye udongo yeye aliona uchafu. Alishamwaga zege nyuma ya jiko, akamwaga mbele ya maabara, akakizungushia chumba cha jenereta, na sasa uani kwangu alitaka maegesho ya magari. Mwanzoni mwa mwaka, miti ikiwa imetimiza miaka mitatu na kunipita kimo kidogo, tulibishana mbele ya kamati ya hospitali, mimi na vumbi langu miguuni, yeye na faili lake kwapani. Mwishowe mwenyekiti wa kamati, mzee mpole ambaye nadhani alikuwa na njaa, akakata shauri. Siku ya kwanza ya mwezi wa tisa, kiangazi kikiwa kimekwisha fanya kila kinachoweza kufanya, kamati itakuja kuikagua miti. Yote tisa ikiwa hai, ua unabaki bustani moja kwa moja. Ukifa hata mmoja, zege.

"Hata mmoja," Bwana Zege alirudia huku akiandika.

"Pigia mstari," nikamwambia. Akapiga.

Sikuwa na wasiwasi, maana mzeituni naujua. Ni mti mkaidi, hauvui majani mwaka mzima, na ukaidi wake uko mizizini. Ukiunywesha kidogo kila siku, mizizi inabaki juujuu, inasubiri kuletewa kama mtoto aliyedekezwa. Ukiunywesha mara moja kwa wiki tatu, polepole, kutwa nzima, maji yakazama mpaka chini kabisa, kisha ukauacha na shida zake, mizizi inayafuata maji hukohuko chini ambako jua halifiki. Na maji hayamwagwi shinani. Yanawekwa mbali kidogo, pale kivuli cha matawi kinapoishia. Mimi nilikuwa na nondo yangu ya futi tatu. Naikita ardhini: ikizama kirahisi, kuna unyevu, tunaondoka zetu. Ikigoma, ndipo tunafungua maji.

Sasa mwambie mtu wa jangwani kwamba mti usipewe maji. Hapa kwetu kumnyima mtu maji ni ukatili, na watu waliona nafanya ukatili huo mchana kweupe, nimevaa sare. Wanawake pale kwenye mabenchi walikunywa maji yao kwenye vikombe vya plastiki na kilichobaki wakamimina shinani. "Na wewe kunywa, masikini," wanauambia mti. Mwanamke ana kiu, mtoto analia, na bado anaugawia mti! Ningewachukiaje? Lakini niliwafokea vilevile. Hasira zangu hazijui kuchagua.

Aliyenielewa, nilidhani, alikuwa kaka yangu. Ndiye fundi bomba wa hospitali, na ndiye aliyeniombea kazi hii. Ndiye pia aliyenitandikia bomba lenye matundu madogo kuizunguka miti yote tisa, na koki yake akaiweka nyuma ya chumba cha kufulia. Kazi safi, hakuna kiungo hata kimoja kilichovuja. Kaka yangu ni mtu mwema kupita kiasi, na kwake kila shida duniani ina dawa moja, nayo ni maji yafike.

Katikati ya mwezi wa saba mti wa saba ukaanza kugeuka njano.

Mwanzo ni majani matatu, kisha tawi, kisha upande mzima. Hospitali nzima ikawa na daktari wa miti. Mpishi alisema kiu. Mlinzi alisema kiu. Mkunga mkuu, mama mmoja anayeheshimiwa na kila mtu hadi madaktari wenyewe, alinishika bega akasema, "Mama Kiu, mwanangu, ukaidi una mwisho wake. Si uunyweshe tu?" Bwana Zege alikuja, akaliokota jani moja chini, akaliweka ndani ya faili lake, akaondoka zake anapiga mluzi.

Nami nikaliokota jani langu. Jani la kiu hukauka na kujikunja, ukilifinya linavunjika kama biskuti. Hili lilikuwa laini, limelegea, ukilifinya linakunjika tu. Nikachukua nondo nikaikita. Iliteremka yenyewe, futi zote tatu, karibu inivute na mkono. Nilipoichomoa ikatoka na harufu mbovu. Mti wangu ulikuwa hauna kiu hata kidogo. Ulikuwa unazama, katikati ya jangwa.

Nikageuka, nikamwona mwanamke mmoja mjamzito na kikombe chake, anakiinamisha taratibu juu ya mti wa tano. Masikini, alikuwa na bahati mbaya ya kuwa karibu.

"Wewe ndiye!" nilimpigia kelele. "Nyinyi ndio mnaoniulia mti! Kila siku vikombe, vikombe! Mnataka zege? Haya, mtazalia watoto juu ya zege!"

Yule mwanamke akalia. Mkunga mkuu akatoka nje, akanitazama mara moja tu, nami nikaenda kujificha stoo kwangu, nikakaa juu ya gunia la samadi. Nilijua tangu pale kwamba vikombe havijazi futi tatu za ardhi. Vikombe ni tone. Na kwa miezi kadhaa nondo ilikuwa haijagoma, nami nikajisifu kwamba udongo unashika unyevu vizuri. Kuna mtu alikuwa anamwaga maji ya kweli.

Kesho yake niliwahi. Saa kumi na mbili asubuhi, kumepambazuka lakini jua halijatoka, nikapitia mlango wa nyuma viatu mkononi. Niliyasikia maji kabla sijamwona mtu. Bomba lote lilikuwa linafoka kidogokidogo, mti kwa mti, na pale kwenye wa saba alikuwa amechuchumaa kaka yangu mwenyewe, anaupapasa shina.

"Kunywa," alikuwa anauambia. "Kunywa, tafadhali. Usije ukamwangusha mdogo wangu."

Damu ikanichemka.

"Kaka! Unafanya nini?"

Aliruka karibu aangukie koleo. "Aa, mdogo wangu. Umewahi leo."

"Nimekuuliza unafanya nini."

"Dakika kumi tu. Nikija kuwasha pampu ya matangi, nafungua dakika kumi, nafunga. Haina madhara."

"Tangu lini?"

Aliangalia viatu vyake. "Tangu mwezi wa nne."

"Mwezi wa nne! Kila siku?"

"Jumapili sifungui," akajitetea.

Nilitaka kucheka na nilitaka kumrushia viatu, vyote kwa wakati mmoja. Akainuka, na yeye sasa amepandisha.

"Wewe husikii watu wanavyosema! Kila chumba nikiingia kutengeneza bomba naambiwa, dada yako anaitesa ile miti. Fundi bomba mzima, dada yake anaua miti kwa kiu! Niuweke wapi uso wangu? Na huu wa saba ulipoanza kuwa njano nikauonea huruma, nikauchimbia mfereji kidogo maji yauelekee. Nikauongezea dakika zake."

"Ukauongezea!"

"Ulikuwa unakufa!"

Sikubishana tena. Nilichukua nondo nikaikita kwa kidole kimoja mbele ya macho yake, ikazama yote. Nikaichomoa nikamwekea puani. "Nusa."

Akanusa. Fundi bomba hafundishwi harufu hiyo. Akaipokea nondo akanusa tena, akatamani iwe kitu kingine.

"Karo la maji machafu," alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo. Mti wangu umelala ndani ya karo miezi mitatu, na aliyeulaza ni wewe." Nikamwonyesha mlango. "Nenda kafunge hiyo koki, na usinisemeshe."

Alikwenda. Nilimsikia kule nyuma akiikaza koki mpaka chuma kikalia.

Ua unateremka kidogo kuelekea mti wa saba, na chini yake kuna tabaka gumu la chokaa ambalo niliamini nililipasua vizuri nilipopanda. Miti mingine minane ilikuwa imepauka tu, ingepona ikiachwa ikauke. Huu ulikuwa kwenye bakuli. Nikapiga moyo konde, nikafanya kitu ambacho hata kwenye kitalu nilikiona mara mbili tu. Niliufukua mti ukiwa umesimama. Nilichimba kuuzunguka mpaka mizizi ikaonekana, iliyooza nikaikata kwa msumeno, ile myeupe nikaiacha ipigwe na hewa. Halafu nikapanda ngazi nikakata matawi. Mti uliopoteza nusu ya mizizi hauwezi kulisha matawi yote, kwa hiyo niliyakata yote, na jioni palibaki shina na mikono mitatu mifupi isiyo na jani hata moja. Shina nikalifunga gunia upande wa juani lisiungue.

Bwana Zege alikuja kuangalia. "Mwenyewe umeumaliza," alisema, kwa upole kabisa. "Nakushukuru kwa ushirikiano."

Siku hiyo nililia. Sioni haya kusema. Nililia stoo, nikanawa uso, nikatoka kumtafuta yule mwanamke mjamzito. Nilimkuta kliniki wiki iliyofuata, nikamwomba radhi mbele ya mabenchi yote, kama nilivyomtukana mbele ya mabenchi yote. Nikawaeleza wanawake wote habari ya mizizi, nondo nikiwa nimeishika mkononi kama mwalimu. Wakasikiliza. Wakaomba kuijaribu, wakaikita mti kwa mti, na kutoka siku ile vikombe vikaenda kumwagwa kwenye ndoo ya kufanyia usafi. Mtu mgeni akiinamisha kikombe, wao ndio waliomfokea.

Maji nikayafunga kabisa. Si kwa mti wa saba tu, kwa miti yote tisa, wiki sita za joto kali kuliko yote ya mwaka, bila tone. Nilijua ardhi ya chini imeshiba. Kujua na kulala usingizi ni vitu viwili, lakini nilijikaza kisabuni.

Na kaka? Sikumsemesha. Tulipishana kwenye korido kama wapangaji waliogombana. Wiki ya pili, adhuhuri, nikiwa ndani ya shimo la mti wa saba najaribu kulipasua lile tabaka gumu, nikasikia sururu nyingine inagonga upande wa pili. Sikuinua kichwa. Alichimba mtaro kutoka kwenye lile bakuli mpaka nje ya ukuta, siku tatu mfululizo wakati wa chakula cha mchana, bila neno. Mtu ambaye maisha yake yote kazi yake ni kuleta maji, sasa anatoka jasho ili yaondoke. Siku ya tatu chokaa ikapasuka, maji meusi yakaanza kuchuruzika kwenye mtaro wake. Sikumshukuru. Nilimwachia nusu ya chakula changu ukingoni mwa shimo, akala.

Siku kumi na mbili kabla ya kamati, nilifungua gunia kukagua gome. Pale chini ya mkono wa kushoto palikuwa na vitone viwili vya kijani, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Nilivitazama mpaka macho yakaniuma. Nikarudisha gunia, nikafunga kamba mafundo mawili. Sikumwambia mkunga, sikuwaambia wanawake. Kaka ndiyo kabisa, maana ninamjua, furaha ikimpanda mkono wake unakwenda wenyewe kwenye bomba.

Siku ya kwanza ya mwezi wa tisa kamati ikaja, watu watano. Bwana Zege alikuja na wa sita: dereva wa lori la zege. Ndiyo, alikuwa ameshaliagiza. Liliingia getini saa tatu asubuhi, tumbo linazunguka, likasimama pua yake imegusana na mti wa kwanza. Wanawake walikumbatia watoto wao. Kaka yangu alisimama mlangoni mwa chumba cha kufulia, spana mkononi, uso umemshuka.

Mwenyekiti alianza na mti wa kwanza. Majani yalikuwa mazito, ya kijani juu na fedha chini, upepo ukiyageuza yanameta. Akaenda wa pili, wa tatu, mpaka wa sita, kisha wa nane na wa tisa, wa saba akauacha mwisho. "Wiki ngapi bila maji?" aliuliza.

"Sita, mzee."

"Sita!" Akaguna, akaligusa tawi tena. Kisha tukafika.

"Na huu," alisema Bwana Zege, "naomba kamati iandike, ni kigingi."

Kweli, kutoka upande wa mabenchi kilikuwa kigingi. Mwenyekiti alinitazama kwa huruma. Lakini wallahi nilikuwa nafurahia.

"Mzee, njoo upande huu wa ukutani," nikamwambia. Nikafungua fundo la kwanza, nikafungua la pili, nikaliacha gunia lianguke.

Vilikuwa vichipukizi kumi na kimoja. Viwili vya kwanza vimekwisha fika urefu wa kidole gumba, vina majani yake kamili, na vingine vimetoboa gome upande wote uliokuwa chini ya gunia, vya kijani kibichi mpaka vinatia uchu. Mwenyekiti akapiga goti vumbini, na suti yake. Mkunga mkuu alikuwa ameshafika, akaanza kuvihesabu kwa sauti, na wanawake kwenye mabenchi wakahesabu naye, moja, mbili, tatu, sauti zinapanda, na walipofika kumi na moja ua ulilipuka kwa makofi na shangwe hata watoto wakaamka wote.

Bwana Zege alivaa miwani. Alivua, akaifuta, akavaa tena. "Yanaweza kuwa magugu," alisema.

"Magugu yanayotoka ndani ya gome la mzeituni?" nikamuuliza. "Yaguse basi."

Akayagusa. Na hapo nitamtendea haki: hakuyang'oa. Aliyashika kwa ncha za vidole, akasema, "Hai."

"Sema kwa sauti, katibu," mwenyekiti akamwambia. "Iandikwe."

"Yote tisa hai."

Kaka yangu alikuja mbio katikati ya watu, spana bado mkononi, akaviona vile vichipukizi, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama tulivyokuwa watoto. Alikuwa analia waziwazi. "Nisamehe, mdogo wangu," alisema.

"Nimeshakusamehe tangu ule mtaro," nikamwambia. "Nilikuwa nanuna tu."

Ndipo yule dereva akachomoza kichwa dirishani. "Jamani, hongereni, lakini mimi namwaga wapi? Zege langu linaganda!"

Bwana Zege alifungua faili lake, akalifunga. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake ana zege na hajui pa kulipeleka. Mkunga mkuu ndiye aliyemwokoa. "Njia ya machela," alisema, "kutoka barabarani mpaka wodi ya wazazi. Kila siku tunawarusharusha akina mama kwenye yale mashimo. Mwaga hapo, utaombewa dua mpaka uzeeni." Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali kabla hajamaliza.

Tatizo likawa kulitoa lori. Lilikuwa limebanana na geti, na tawi kubwa la mti wa kwanza limeingia kati ya kioo cha pembeni na mlango. Nikasimama mbele, kaka akakimbilia nyuma.

"Rudi!" nikapaza sauti. "Rudi, rudi, kata kulia! Taratibu!"

"Njoo!" kaka akaitikia kutoka nyuma. "Njoo, njoo, pana nafasi!"

"Simama! Tawi!"

Dereva akakanyaga breki. Nilitaka kwenda mwenyewe, lakini kuna mtu alinitangulia. Bwana Zege alikuwa ameliweka faili lake chini vumbini, amejipenyeza kati ya lori na mti, na kwa mikono yake miwili amelishika lile tawi na kulivutia kifuani, majani yamemfunika mpaka miwani.

"Lishike vizuri, lisivunjike," nikamwambia.

"Nimelishika, Mama Kiu," alisema. "Mwambie arudi."